Daftari la joto la babu (1964 hadi 1993): mstari unapanda, nitajuaje ni binadamu au ni bahati tu?

MjukuuWaKarani

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa nyie mliosoma takwimu. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge njia ya Pangani, na kwenye kazi zake kulikuwa na hii ya kwenda kila siku saa tatu asubuhi kwenye sanduku la vipimo kuandika mvua, joto la juu na joto la chini. Alivyofariki madaftari yakabaki kabatini kwa bi mkubwa, mawili mchwa wameyaonja lakini mengine yanasomeka vizuri tu, babu alikuwa na mwandiko wa shule za zamani ule wa kulala, namba saba ina mkia. Likizo hii nimejifungia barazani na laptopu naingiza namba kwenye Excel kuanzia 1964 mpaka 1993, miaka 30 kamili, macho yameniuma.

Mwanzoni nilishtuka maana miaka ya kwanza joto la juu limeandikwa 88, 87, 90, nikajua hapa babu kachanganya na hesabu ya marobota, mjomba akacheka mpaka akakohoa, akaniambia we mwalimu gani hujui Farenhaiti. Kweli bwana, toa 32, zidisha 5, gawa kwa 9, 88 inakuwa 31 na kidogo, ndo joto letu lile lile.

Sasa nimechora wastani wa kila mwaka, mstari unapanda. Nafundisha hesabu kwa hiyo regresheni ya kawaida (kupitisha mstari mnyoofu katikati ya nukta) naijua, Excel inanipa p ndogo mno, yaani uwezekano wa bahati tu kutoa mpando kama huu ni mdogo sana. Nikaweka grafu kwenye stetasi, jamaa wa kijiweni wakanivaa, mstari umepanda haya, nani kakwambia ni moshi wa binadamu? Nikakosa jibu. Kwa hiyo naulizia mawili, hiyo p ya Excel niiamini? Na hata nikiiamini, wataalamu wanatokaje kwenye "joto limepanda" mpaka "binadamu ndo kapandisha"? Halafu kuna kituko kimoja, mwaka 1979 joto la juu, la mchana, linaruka ghafla kama mtu kapanda ngazi na halishuki tena, la usiku wala halina habari hiyo. Sijakielewa kabisa.

Kijana_Barabara9

Likizo nzima unaingiza joto la mwaka 64, mkuu we hujaoa 😂 Mi nimekaa hapa nasubiri majibu ya wakubwa, ila joto la Februari Ngamiani halihitaji Excel, feni lenyewe linakupulizia hewa ya moto.

Nahodha_DeepSea

Joto la Tanga halijaanza leo jamani. Mi nimekulia majini, kaskazi ikiingia moto, kusi ikiingia unavaa sweta alfajiri, ndo dunia ilivyoumbwa. Kuna miaka samaki wanatoroka kuna miaka wanarudi wenyewe. Wenzetu wamechoma makaa ya mawe tangu enzi za mababu zao, leo wanatuambia sisi tusikate mkaa. Afu jua ndo mpishi mkuu hapa, jua likizidi moto nani wa kulaumu? Na mji nao umejaa lami na mabati, lazima kipimo kipande, hiyo ni lami tu. Mwalimu grafu yako sikatai, ninachokataa ni kuruka kutoka kwenye grafu mpaka kwa mtuhumiwa bila kituo hapo katikati.

BintiChumbageni

Nahodha hapo mwisho umegusa penyewe, maana hicho kituo cha katikati ndo watu wamekaa wanakijenga miaka 40 na zaidi, na ndo kilichompa mtu Nobeli. Ngoja nianze na p ya mwalimu kwanza.

Mwalimu, zamani mtu akichemka tu tulisema malaria, anameza dawa, kumbe taifodi. Siku hizi ukienda zahanati wanakutoboa kidole kwanza. Kipimajoto cha kwapani kinakwambia homa ipo, hakikwambii homa ya nini. Daftari la babu ni kipimajoto cha kwapani. Hayo ni maswali mawili tofauti na kila moja lina hesabu zake, usiyachanganye, na jamaa zako wa kijiweni walikubana kwa sababu ulijibu la pili kwa kipimo cha la kwanza.

Haya, homa ipo? Hiyo p ya Excel usiiamini hivyo hivyo. Regresheni ya kawaida inadhani kila mwaka ni shahidi aliyekuja kwa miguu yake. Si kweli, bahari ina kumbukumbu, ikishika joto mwaka huu mwakani bado ina masalia, El Niño (lile joto la Bahari ya Pasifiki linalokuja kila baada ya miaka michache) ikiingia inabeba miezi kibao, kwa hiyo mwaka wa joto unapenda kukaa jirani na mwaka wa joto. Ni kama umeita mashahidi 30 mahakamani afu unakuja kugundua wengi wanatoka nyumba moja na wameshaambizana njiani. Idadi ni 30, ushahidi ni wa watu pungufu sana. Ukilihesabia hilo p inakua kubwa, wakati mwingine inakua kubwa mpaka unaona aibu kwa ulichopost.

Jaribu hivi, hata barazani unaweza. Chukua wastani wa kila mwaka uandike kwenye kikaratasi, changanya kama karata, panga upya, piga mstari uone mwinamo wake. Rudia. Swali lako ni dogo tu, mara ngapi karata zilizochanganywa bila kuangalia zimetoa mwinamo mkali kama wa babu? Ila ukichanganya mwaka mmoja mmoja unavunja ule undugu wa miaka na unarudi kwenye kosa la Excel, kwa hiyo funga miaka mitano mitano kwa rababendi, yawe mafungu 6, uchanganye mafungu. Mafungu 6 yanapangika kwa njia 720 tu, laptopu inamaliza kabla chai haijapoa. Sio kipimo cha kupeleka kwenye jarida lakini ni cha kweli kuliko ile p.

Hilo la kuruka 1979 mi nanusa kitu ila kuna mzee humu anajua vyombo kuliko mimi, ngoja aje.

MzeeWaVipimo

Wanangu hamjambo. Mimi nimestaafu, nimefungua hilo sanduku jeupe zaidi ya miaka thelathini, pwani na bara. Jina lake sanduku la Stevenson, na Nahodha atapenda kusikia kwamba aliyelibuni, Thomas Stevenson wa Skotilandi, kazi yake ilikuwa kujenga minara ya taa za kuongozea meli.

Mjukuu, hewa haipandi ngazi. Hewa inapanda mlima taratibu na kuteleza na kurudi. Ukiona ngazi, tafuta mkono wa mtu. Ama sanduku limehama, ama mti uliokuwa unatia kivuli umekatwa, ama kipimajoto kimevunjika wakaleta kingine, ama karani mpya kaja na saa zake. Kwamba imeruka ya mchana peke yake na ya usiku imetulia, hapo mimi nafikiria kivuli na ardhi, maana mchana ndipo jua linapocheza na sanduku lako. Kingekuwa chombo cha usiku ningekwambia angalia ile spiriti. Kipimajoto cha joto la chini ndani yake ni spiriti na kijiti kidogo cheusi, spiriti ikirudi nyuma inakiburuta kile kijiti, na uzi wa spiriti ukikatika vipande kinasoma chini kuliko kweli, na karani asiyejua anaandika tu, anaweza kuandika uongo mwaka mzima kwa uaminifu mkubwa.

Fanya hivi. Andika barua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, omba takwimu za mwezi za uwanja wa ndege wa Tanga kwa miaka hiyo hiyo. Kisha toa namba za babu kwenye namba za uwanja, mwezi kwa mwezi. Siku ya joto uwanjani ni siku ya joto shambani, kwa hiyo ukizitoa hali ya hewa inajifuta yenyewe na kinachobaki ni visa vya sanduku. Kama ngazi ya 1979 itabaki kwenye hiyo tofauti basi ni ya babu au ni ya uwanja, si ya hewa. Ukiwa na jirani wa tatu ndiyo utajua ni ya nani kati yao. Wakubwa wa kule duniani wanafanya hivyo hivyo kwa maelfu ya vituo, kila kimoja kinashitakiwa na majirani zake.

Na jambo jingine, hesabu ni mara ngapi namba za babu zinaishia na sifuri au na nusu. Karani makini anasoma desimali zote, karani mwenye njaa anazungusha. Ukiona ghafla sifuri zimejaa, hapo mtu mwingine alishika kalamu.

MjukuuWaKarani

Mzee shikamoo, na ahsante sana. Sifuri nimezihesabu sasa hivi kwa mwaka 1971, hazijajaa, babu alikuwa mtu wa desimali. Ila Agosti 1984 zimejaa wiki tatu mfululizo na mwandiko umebadilika, mama anasema hapo babu alikuwa amelazwa. Nywele zimenisimama kidogo.

Dada Chumbageni naandaa rababendi.

Nahodha_DeepSea

Mzee shikamoo. Hayo ya sanduku nimeelewa na nimeyapenda, lakini ndo mmenisaidia mimi, kama sanduku moja linadanganya hivi, masanduku ya dunia nzima je? Na jua hamjaligusa. Na lami hamjaigusa.

BintiChumbageni

Naigusa yote Nahodha, vuta kiti.

Lami kwanza maana ni fupi. Mji unapasha kipimo cha mjini, ni kweli, hasa usiku, hakuna anayebisha. Kulikuwa na profesa wa fizikia Marekani, Richard Muller, na yeye alikuwa na mashaka kama yako, akaunda timu yake, Berkeley Earth, wakapitia rekodi upya wakiwemo vituo vya mbali na miji. Mwaka 2012 akatoka hadharani akasema joto limepanda kweli na karibu lote ni binadamu, miji haibadilishi picha. Na we mwenyewe kazini kwako kuna lami? Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linaingia baharini. 1998 matumbawe yalipopauka kwenye pwani yetu na Bahari ya Hindi yote hii ya magharibi, ulikuwa majini, hakuna mtu aliyemwaga lami kule chini. Najua utaniambia ile ilikuwa El Niño, sawa, El Niño ni wimbi, lakini wimbi lile lile likija wakati wa bamvua linafika barazani na likija maji mafu linaishia mchangani.

Sasa homa ya nini. Hapa watu wengi wanadhani wanasayansi walichukua mstari wa joto na mstari wa hewa ukaa wakaona yote inapanda wakasema basi. Ingekuwa hivyo ningekaa upande wako, hata idadi ya bodaboda imepanda. Wanachofanya ni kuuliza hivi, kila mtuhumiwa akipita anaacha alama zake, zikoje? Jua likizidi moto litapasha hewa yote kuanzia juu mpaka chini. Hewa ukaa haifanyi hivyo, inazuia joto lisitoke, kwa hiyo huku chini kunapata joto wakati kule juu kabisa, stratosfia, kunapoa. Hilo Syukuro Manabe na mwenzake Wetherald walilipata kwa hesabu mwaka 1967, kabla hakuna hata satelaiti ya kuwathibitishia. Zikaja satelaiti, chini kunapanda, juu kunashuka. Nisidanganye, sehemu ya kupoa kule stratosfia ya chini ni kwa sababu ya kupungua kwa ozoni, lakini ukipanda kilomita 25 mpaka 50 alama ya hewa ukaa inakuwa wazi sana. Na jua lenyewe linapimwa kwa satelaiti tangu 1978, linapanda na kushuka kwa mzunguko wake wa miaka kama 11, mwelekeo wa kupanda hakuna. Mpishi yuko pale pale na moto ule ule, sufuria ndo imefunikwa.

Usiku nao. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980 na kitu, usiku duniani ulipanda haraka kuliko mchana. Jua haliwaki usiku. Ila usiku una kesi nyingine maana mawingu na miji nayo inaugusa, kwa hiyo alama moja peke yake haifungi mtu, wanazichukua zote pamoja, bara na bahari, juu na chini, kaskazini na kusini.

Hapo ndo anapoingia Klaus Hasselmann wa Hamburg, huyu ndo wa Nobeli ya fizikia 2021, aligawana na Manabe na Mwitaliano Giorgio Parisi. Alianza kuandika hilo jambo 1979 (mwaka wa ngazi ya babu, wallahi nimecheka) na mwaka 1993 akaliweka sawa. Wazo lake linafanana na kutafuta stesheni kwenye redio ya mkulima usiku, unajua mtangazaji yupo lakini mikwaruzo imejaa. Mtu asiyejua anatafuta pale ambapo sauti ni kubwa. Hasselmann akasema hapana, tafuta pale ambapo mikwaruzo ni midogo, hata kama sauti nayo ni ndogo. Joto linapanda sana kule Aktiki kuliko mahali popote, lakini kule mwaka na mwaka zinapishana vibaya, baridi ya mwaka huu na ya mwakani hazijuani, kwa hiyo sauti kubwa imezama kwenye kelele kubwa zaidi. Yeye anaipa kila sehemu ya dunia uzito kulingana na utulivu wake, afu anauliza, picha ya joto tuliyopima inafanana kiasi gani na picha ambayo hewa ukaa ingechora? Anaiweka kwenye regresheni, mwalimu hapa uko nyumbani, kila mtuhumiwa anatoka na kigezo, yaani namba ya kuzidishia picha yake ili ilingane na iliyopimwa, pamoja na mipaka yake ya chini na ya juu. Mipaka isipogusa sifuri maana yake huyo alikuwepo eneo la tukio. Moja ikiwa ndani ya mipaka maana yake ukubwa wa alichofanya unalingana na hesabu za fizikia. Jua na volkano nao wanawekwa humo humo, hawaachwi nje. Na mikwaruzo yenyewe wanaipimaje? Wanaendesha kwenye kompyuta modeli ya dunia isiyo na moshi wowote, mamia na maelfu ya miaka ya kubuni, waone hali ya hewa inavyojichezea yenyewe ikiachwa.

Jibu la IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, la 2021, joto la 2010 hadi 2019 kulinganisha na la 1850 hadi 1900, mchango wa binadamu ni kama digrii 1.07, wa jua na volkano unazunguka hapo kwenye sifuri, kati ya kupoza 0.1 na kupasha 0.1. Na si kwamba walikimbilia kusema. Ripoti ya 1995 ilisema kwa tahadhari tu kwamba ushahidi ukiwekwa mizanini mkono wa binadamu unaonekana, na mwanasayansi aliyeongoza sura ile, Ben Santer, alitukanwa miaka. Maneno yakapanda ripoti kwa ripoti mpaka 2021 wakaandika haina ubishi.

Sasa mwalimu nakupa zawadi yako. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na huku ikweta joto halipandi sana kama Aktiki, lakini miaka yetu imetulia, mwaka na mwaka zinapishana kidogo sana. Paka akipita juu ya bati saa nane usiku nyumba nzima mnasikia, akipita hapo soko la Mgandini saa nne asubuhi hakuna anayegeuka. Kwa hiyo alama ya joto kwenye nchi za tropiki inaibuka kwenye kelele mapema kuliko huko kwenye nchi za baridi. Daftari la babu limekaa mahali pazuri kuliko la karani wa Siberia. Peke yake halimtaji mtuhumiwa, hilo lazima ukubali, kituo kimoja hakina juu na chini, hakina bahari na bara. Linatoa ushahidi wa homa, mengine ni kazi ya dunia nzima kuunganishwa.

Na kama unadhani kazi ya barazani haina heshima, aliyeonyesha kwanza kwamba dunia inapata joto na akahusisha na hewa ukaa ni Guy Callendar, Mwingereza, mhandisi wa mitambo ya mvuke wala si mtu wa hali ya hewa, mwaka 1938, vituo 147, kwa kalamu na karatasi. Wenye kompyuta wakarudia juzi juzi wakakuta hesabu zake ziko karibu sana na zao.

Kijana_Barabara9

Dada umeandika hotuba ya Ijumaa. Nimesoma yote lakini. Hapo kwa paka nimeelewa.

Nahodha_DeepSea

Sufuria imefunikwa 😅 sawa. Mi bado nina kinyongo na waliochoma hayo makaa, lakini hilo la juu kupoa nilikuwa silijui, nakiri. Na volkano mbona umeipitia haraka, inapasha au inapoza?

BintiChumbageni

Inapoza, mkubwa wangu, na ndo kipimo kizuri kuliko vyote maana hutokea kwa tarehe. Juni 1991 Pinatubo ya Ufilipino ililipuka ikarusha salfa mpaka stratosfia, mwaka uliofuata dunia ikapoa kama nusu digrii afu joto likarudi njiani. Yaani ni kama mtu kaweka kitambaa cha baridi kwenye paji la uso wa mgonjwa, homa ikashuka kidogo, ikapanda tena.

MzeeWaVipimo

Nakumbuka machweo ya mwaka ule, mekundu kama damu ya mzee.

MjukuuWaKarani

Wakuu nimerudi, samahani kimya, umeme ulikuwa unakatika na kurudi.

Jumamosi nilienda kwa mjomba Muheza nikamuuliza 1979 kulitokea nini na lile sanduku. Akafikiria, akasema mwaka ule wa vita vya Amin ndo ofisi ya shamba ilihamishwa, ya zamani ilikuwa chini ya miarobaini, mpya wakaijenga kule karibu na korona (wa bara msishtuke, korona ni mtambo wa kusaga mkonge, ulikuwepo kabla ya ugonjwa), na sanduku likafuata ofisi. Kwa hiyo babu alitoka kwenye kivuli cha mwarobaini akaenda pembeni ya uwanja wa kuanikia singa, ardhi nyeupe tupu, jua la utosi.

Nikarudi nyumbani nikafungua daftari la 1979, ukurasa wa Aprili. Pembeni kabisa, kwa penseli, herufi ndogo: "Leo sanduku limehamishwa kwa kuanikia. Kivuli hakuna." Niliupita ule ukurasa nikiwa naingiza namba, nakumbuka kabisa nilivyouona ule mwandiko nikajua ni mambo ya madeni ya dukani, na Excel yangu haina safu ya maneno.

Sasa hivi nimekata mchana vipande viwili, kabla na baada ya kuhama, kila kipande mstari umelala kuliko ule wa mwanzo, yaani sehemu kubwa ya ule mpando niliowaringia watu kwenye stetasi ilikuwa ni mwarobaini. Nimeifuta ile stetasi. Usiku haukuruka kwa hiyo nikaufanyia ile ya rababendi, mafungu 6, mipangilio 720, na ni michache sana iliyoushinda ule wa babu. Barua ya kwenda Mamlaka nimeshaiandika, napeleka Jumatatu. Mzee, nimeongeza safu ya maneno, narudia kupitia kurasa zote pembeni, nimeshapata tatu, moja inasema "kipimajoto kipya" na nyingine inasema tu "homa".

MzeeWaVipimo

Hiyo "homa" usiitupe, iandike na tarehe. Huyo ni karani aliyesoma kipimo akiwa anatetemeka.

Nahodha_DeepSea

Mwalimu, na joto la maji je, babu hakuandika?

MjukuuWaKarani

Hakuandika. Mjomba anasema alikuwa anaogopa maji, hata feri ya Pangani alikuwa anafumba macho.

Nahodha_DeepSea

Basi nitafutieni kipimajoto cha kuzamisha nianze mimi mwenyewe, mashua inatoka kila alfajiri.

MzeeWaVipimo

Saa ile ile, kina kile kile, mahali pale pale. Na siku ukibadilisha mashua, andika.